Kumsubiri Korongo

Dobrinka Halacheva alifundisha ushonaji miaka thelathini na mmoja katika shule ya msingi ya kijiji kilichoko juu kabisa kwenye milima ya Rodopi, na hakuwahi kuogopa kitu isipokuwa kompyuta. Kisha vipindi vya ushonaji vikapunguzwa, kompyuta ikaingizwa darasa la tatu, na mwalimu aliyetarajiwa kutoka mjini hakutokea. Akabaki yeye. Angeweza kukataa, akakaa nyumbani apalilie nyanya zake. Badala yake alishinda mafunzoni kiangazi kizima, akafeli mtihani wa kwanza, akafeli wa pili, akarudi kwa wa tatu na daftari lililojaa mpaka kwenye jalada. Vijana aliosoma nao mafunzoni walimcheka kwa kuchora kila kitufe kwa penseli. Aliwaacha wacheke, akafaulu.

Sasa ilikuwa Aprili, na mkaguzi alikuwa anakuja kutazama somo moja. Asiporidhika, kuanzia vuli darasa la tatu lingepandishwa basi kwenda shule ya mjini, na nani asiyejua kwamba likiondoka moja, mengine hayatakawia kulifuata? Mkuu wa shule, Kolev, hakuwa akilala. Alimsihi Dobrinka awape watoto mchezo uliokwisha kutengenezwa, wabonyeze tu, mambo yaende.

"Wewe Kolev," alisema Dobrinka, "nilipokufundisha kushona kifungo, nilikushonea?"

"Hukunishonea, mwalimu. Na kilidondoka siku ileile."

"Ukakishona tena. Hao nao wataandika programu wenyewe."

Somo lilikuwa amri ya kurudia mpaka jambo fulani litokee. Wiki mbili nzima watoto walimkodolea macho tu, mpaka alipowaonyesha martenitsa mkononi mwake, ule uzi mwekundu na mweupe ambao kila mmoja wao hufungwa tarehe mosi Machi na havui mpaka aone dalili ya masika. Vaa mpaka uone. Amri yenyewe ndiyo hiyo. Tangu siku ile hakuna aliyekodoa macho tena. Siku ya ukaguzi kila mtoto alipaswa kuunganisha vipande vya amri kwenye skrini, atengeneze msichana atembeaye akiwa na uzi wake, na aonapo dalili asimame auvue.

Mkaguzi, Bibi Tasheva, akaenda kukaa karibu na mwanafunzi mmoja, Vesela. Msichana wa Vesela akatembea. Miti ikachanua kwenye skrini, yeye anatembea. Akafika mwisho, akaanza upya. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kumaliza. Mkaguzi akatazama saa, akasema kwa upole kwamba hiyo programu imekwama.

Kolev, pale mlangoni, alijifuta jasho na kumwashiria Dobrinka abonyeze kitu, chochote. Dobrinka akaificha mikono nyuma ya mgongo. Ilimuuma kweli, maana aliliona pengo la programu lilipo, na aliona shule nzima ikining'inia hapo. Lakini alikwisha kujiapiza kwamba hataandika chochote kwenye kompyuta ya mtoto.

"Haijakwama," alisema Vesela. "Inasubiri korongo."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akauliza korongo aje huku kutafuta nini, theluji? Korongo hukaa kule chini bondeni. Watu wa kijiji hiki huvua uzi mti wa plamu ukichanua, na nyuzi zao zilikuwa zikining'inia kwenye mti huo uani tangu wiki iliyopita. Vesela akavuta mkono wa sweta, lakini wote walikwisha kuona. Wake ulikuwa bado mkononi, umepauka. Mama yake, mzaliwa wa bondeni, ndiye aliyeufunga kabla ya kwenda kufanya kazi Ujerumani, akamwambia asiuvue mpaka amwone korongo.

Dobrinka alitamani kumkumbatia yule mtoto pale pale; badala yake akamuuliza swali.

"Na huyo msichana wako asipomwona korongo?"

"Atatembea tu."

"Unataka atembee tu?"

Vesela aligeukia skrini. Korongo hakumfuta. Alitafuta kile kipande kidogo cha "au", akakibandika kando ya korongo, na upande wa pili akaweka mti wa plamu uliochanua. Akabonyeza. Msichana akapiga hatua tatu, akasimama, akavua.

Bibi Tasheva akataka kujua kwa nini mwalimu hakumwonyesha tangu mwanzo.

"Ningemwonyesha, ungejua tu kwamba mimi najua," alisema Dobrinka. "Hukupanda mlima wote huu kwa ajili hiyo."

Huko kwenye ukumbi mkaguzi alimwambia Kolev kwamba darasa litabaki, na Kolev akaketi kwenye benchi la watoto wa chekechea. Dobrinka hakuwepo kusikia. Alikuwa uani na Vesela, chini ya mti wa plamu.

"Mwalimu, mama akiniuliza nitamwambiaje?"

"Mwambie korongo bado yumo. Umeongeza 'au', basi."

Vesela akafikiri, kisha akamnyooshea mkono amfungulie fundo la uzi.