Pembe ya Mwinjilisti

Zamani za Mwingereza, nikiwa na miaka tisa hivi, kazi yangu pale Kinampanda ilikuwa kukaa ulingoni shambani na kufukuza kweleakwelea kwenye uwele. Jamani, ndege wale! Kundi likitua asubuhi, jioni mnabaki na mabua.

Baba alikuwa mwinjilisti. Kabla yake kila shamba lilizindikwa: pembe ya digidigi ilizikwa kwenye kona, ndani yake dawa ya kuwafumba ndege macho wasione uwele. Baba aliikemea desturi hiyo mpaka sauti ikamkauka. Mwaka huo aliwaambia waumini wachimbue pembe zao, akazichoma mbele ya kanisa. Mama Mkumbo, jirani yetu mjane, ndiye aliyetangulia kutoa yake. Hazikupita wiki mbili, ndege wakalimaliza shamba lake. Letu, lililopakana nalo, halikuguswa hata suke moja. Mimi nikatembea kifua mbele: Mungu wa Baba si mchezo!

Siku moja nilishuka kuokota madongo ya kuwarushia ndege. Nikachokoa kona ya shamba, nikakuta pembe. Ilikuwa imefungwa kitambaa cheupe nilichokijua: pindo la kanzu ya Baba, ile ya kuhubiria, ambalo Mama alilitafuta mpaka akachoka. Nikaipeleka nyumbani.

"Baba, hii ni yetu?"

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyeruka. "Irudishe, we mtoto! Ikichomwa hiyo, jua halizami mara mbili kabla ndege hawajamaliza uwele. Mtakula nini?"

Baba aliichukua akaingia nayo ndani. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Wiki iliyotangulia tu alikuwa ametufundisha lile neno la Yesu la mtu kuona kibanzi jichoni mwa mwenzake asione boriti jichoni mwake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alisimama mbele ya waumini, pembe mkononi.

"Mama Mkumbo," akasema, "yako niliichoma. Yangu niliificha, maana niliogopa njaa. Boriti yangu ni hii hapa."

Akatoka nje, akakusanya majani makavu, akawasha kiberiti huku mkono ukimtetemeka.

Jumatatu saa nne jua lilififia. Nikadhani ni wingu, mpaka wingu lenyewe likaanza kupiga kelele. Sijaona tena kitu kama kile. Tulipiga madebe hadi mikono ikachubuka. Nilipogeuka, nikamwona Mama Mkumbo, asiye na hata suke la kulinda, yuko katikati ya uwele wetu anapiga sufuria na kupiga mayowe pamoja nasi. Jioni yalibaki mabua.

"Si niliwaambia?" Bibi akasema, akalia.

Mwaka ule tulikula mlenda na matunda ya porini, nyumba zetu mbili chungu kimoja.

Je, ilikuwa pembe? Nimezeeka bila kujua, wala sithubutu kumcheka Bibi. Ninachojua ni kwamba Baba aliamini kabisa kuwa ndege watakuja, na bado akaichoma. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Neno la boriti likisomwa kanisani, nafumba macho, nauona ule mkono unavyotetemeka, wala hauangushi kiberiti.