Mama Anayeamua Nani Asome Nini

Umeme umekatika tena Chang'ombe, na kompyuta pekee ya karakana hii imezimika kazi ikiwa katikati. Mwajabu Fakihi, Mama Rukaiya kama wanavyomwita hapa kazini, hashtuki. Anaifunika kwa kitambaa, anasogeza kiti dirishani, anafungua kitabu kinene cha mashine ya kusaga na kuendelea kwa penseli.

"Mie nishazoea," anasema, akijinyoosha mgongo. "Nachoka tu."

Karakana hii inaunganisha mashine za kusaga unga. Kitabu cha maelezo ni kimoja, lakini wasomaji ni watatu: mwenye mashine, msagaji na fundi. Pembeni mwa kila aya Mwajabu anaweka alama: M, S au F. Aya inayowahusu wote hupewa herufi zote tatu. Zamani mpiga chapa alizifuata kwa macho. Siku hizi, mwaka huu wa 1994, zinaingizwa kwenye kompyuta. Ukiitaka S, inatoa aya za msagaji peke yake, na hizo ndizo zinazochapwa kuwa kijitabu.

"Tajiri ukimweleza habari za grisi hasomi. Msagaji naye ukimpa kitabu chote kikubwa hivi, anafungia vitumbua," anasema.

Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na moja, kwa mshahara ambao siku hizi haufiki katikati ya mwezi. Majirani zake Temeke bado wanadhani ni karani wa kupiga chapa. Amechoka kuwaeleza.

Mpango huo ulikwenda vizuri wakati wanunuzi walikuwa vyama vya ushirika, kila mtu akikabidhiwa kijitabu chake. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi wakaja matajiri wadogo wadogo, mtu na mashine yake moja. Tajiri hupewa vijitabu vyote vitatu, naye huvifungia kabatini nyumbani pamoja na risiti. Kitu alichokilipia hakiachi kibandani kikachafuka.

Mwajabu hakulijua hilo mpaka mwezi uliopita, alipopita kwenye kibanda kimoja cha mashine Buguruni. Alimkuta msagaji, kijana wa Kimakonde aitwaye Nurdin, anasaga mahindi huku mkanda unazunguka wazi. Kifuniko chake cha bati kilikuwa kimeegemezwa ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mkanda uko wazi?"

"Si ndo kitabu kinavyosema?"

Nurdin akakichomoa kijitabu chini ya gunia. Kilikuwa cha fundi, aliyekisahau siku aliyokuja kutengeneza mashine. Aya ilikuwa imeandikwa wazi: ondoa kifuniko, washa, sikiliza mlio wa mkanda. Kwa fundi ni kipimo cha dakika chache. Nurdin, kijana mwenye bidii na kusoma anajua, alikifanya kila asubuhi. Baadaye akaona kukirudisha kifuniko ni kujisumbua bure, maana kesho atakifungua tena.

Onyo kwamba mkanda ulio wazi hunasa nguo lilikuwepo, lakini Mwajabu aliliwekea S peke yake. Fundi alijua tayari, ya nini kumjazia karatasi? Kijitabu cha S kilikuwa kabatini kwa tajiri.

Ndipo Mwajabu alipoliona shati la Nurdin. Mkono wa kushoto ulikuwa umechanika hadi kwenye kiwiko.

"Ulinivuta kidogo tu, mama," Nurdin alimwambia. "Bahati shati lilikuwaga bovu, likachanika."

Mwajabu anasema alikaa palepale, juu ya gunia la pumba. "Miaka yote najiona mie ndo naamua nani asome nini. Kumbe anayeamua ni kabati la tajiri."

Kesho yake alimwomba meneja wachape upya, onyo liwekewe herufi zote tatu. Jibu lilikuwa fupi: "Mama Rukaiya, karatasi ghali. Stoo vimejaa. Vikiisha tutaona."

Vitakwisha mwakani, pengine. Mashine zinatoka kila wiki. Sijui meneja anangoja kuona nini.

Mwajabu alikwenda kwa Kasiani, mpaka rangi wa karakana, akamwomba mabaki ya rangi nyekundu. Tangu siku hiyo kila mashine inayotoka ina maneno haya: ZIMA. RUDISHA KIFUNIKO. Hayako juu ya kifuniko. Yako kwenye bodi ya mashine, nyuma ya kifuniko hicho.

"Nikiandika juu, watu watayazoea, mwisho hawayaoni," anasema. "Pale nyuma atayasoma yule tu aliyefungua, awe fundi, awe tajiri, awe nani."

Zilizokwisha kuuzwa ndizo zinazomnyima raha. Anataka kuzifuata moja moja, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka Kipawa na kwingineko. Ataanza na ile ya Buguruni.

Umeme unarudi, kompyuta inalia chini ya kitambaa. Mwajabu hainuki. Chini ya meza yake kuna kopo la rangi lililofungwa kwa nailoni, na brashi.

"Yule kijana kaniahidi hakifungui tena," anasema. "Ila kila nikifumba macho naliona lile shati. Naomba Jumapili nimkute na mikono yake yote miwili."