Tarakimu Sita Chini ya Mkeka

Harufu ya miyaa, majani makavu ya kusukia mikeka, ikichemka kwenye sufuria la rangi hunikera hadi leo, ingawa wageni wanaokuja Kipungani huisifu. Nilipokuwa darasa la saba, mama na wenzake walisuka ukili wa mikeka barazani, nami nilikaa kando yao na nambari moja tu kichwani: 142857. Mwalimu wetu wa hesabu, kijana kutoka bara, aliiandika ubaoni akatuambia tuizidishe kwa mbili. Ikatoka 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zile zile sita, zimefuatana vile vile, ila zimeanzia pengine. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Nikazichora kwa duara kwenye karatasi ili nizizungukie kwa kidole, nikaificha chini ya mkeka wangu. Mwalimu alikuwa amenichagua nikashindane na shule nyingine Mokowe, na nilijua nikishinda hakuna atakayenizuia kwenda sekondari.

Mchana, mkeka ule ulilaliwa na mtoto mchanga wa ami yangu, ndugu wa baba aliyetulea tangu baba afariki. Mtoto akashikwa na homa. Mkeka ulipoinuliwa ikaonekana karatasi, duara na nambari zake. Kwetu kila mtu anajua hirizi inavyoandikwa, na hakuna aliyefikiri kitu kingine. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini methali hiyo mwalimu hakuwa nayo, akaja kueleza. Alimpa ami kalamu azidishe mwenyewe. Ami hesabu alizijua. Akazidisha kwa nne, kwa tano, kwa sita, na kila mara tarakimu zikarudi. Akaiweka kalamu chini taratibu.

“Hini si hisabu, mwalimu,” alisema. “Kitu cha binadamu ukikizidisha chageuka. Hini yarudi ile ile. Hini ni falaki, ilimu ya nyota na majini.”

Nikamwambia aizidishe kwa saba. “Nyamaa,” akasema, bila kunitazama. Kwa saba inatoka 999999. Mzunguko unakatika, na hapo hapana jini wala uchawi. Nilimtazama mwalimu anisemee. Naye, kwa kuogopa kugombana na kijiji, akaaga akaenda zake, na huyo sijamsamehe. Karatasi ikachomwa. Kesho yake mtoto akapona, na kupona kwake kukawa ushahidi dhidi yangu. Mokowe akaenda mwingine. Mimi nikapewa miyaa, na hadi leo ninayo mikononi.

Juzi ami, mzee sasa, alinijia barazani na mjukuu wake wa kike anayesoma sekondari Amu. Walikuwa na simu, na ndani yake nambari ile ile ikizunguka kwa rangi. “Tazama hikima ya Mola, mwanangu,” akaniambia, uso umemchangamka. Hakumbuki chochote. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikauweka ukili chini. Nikamwambia msichana aizidishe kwa saba. Zilipojitokeza tisa sita, ami akacheka, akauliza mbona miaka yote hii hakuna aliyemwambia.

“Nalikwambia, ami,” nikasema. “Ukanambia ninyamae.”