Jagi la Wanaochelewa

Mzee Wamalwa alipika uji wa shule kule Kitale tangu akiwa kijana mpaka mvi zikamjaa, na kama kuna mtu ambaye hungetarajia mtoto akonde nyumbani kwake, ni yeye. Sisi wanafunzi tulimwita Mzee Mwiko. Mwiko wake ulimfika kifuani, akaushika kwa mikono miwili na kukoroga sufuria ambayo sisi wadogo tungeweza kuogelea ndani, huku akitutania mmoja mmoja kwa jina.

Alipostaafu alirudi kwao Tongaren. Mkewe alikuwa ameshafariki, na binti yao Ivy, anayeuza nguo za mitumba Kitale, akamletea mjukuu wa kulea. Mtoto anaitwa Nekesa, jina wanalopewa wasichana waliozaliwa wakati wa mavuno. Ghala la babu yake lilikuwa limejaa mahindi hadi mlangoni, ng'ombe akikamuliwa asubuhi na jioni, na mwenye jina la mavuno alikuwa na mikono kama njiti za kiberiti. Watu wa kwetu wana midomo. Walisema aliyelisha shule nzima ameshindwa na kinywa kimoja, tena walisema kwa sauti ya kusikika.

Mimi ni Lenah. Niliolewa huku Tongaren, na siku hizi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Napita nyumba kwa nyumba na mzani wa kuning'iniza na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe una rangi: kijani ni salama, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Mkono wa Nekesa ulikuwa kwenye njano, tena ile njano inayopakana na nyekundu. Tukampeleka zahanati. Walimpima malaria, minyoo, kifua, wasipate kitu. Muuguzi akasema chakula ndicho hakimtoshi, na uzito usipopanda kufikia kliniki ijayo, atamwandikia akalazwe Bungoma. Mzee aliposikia kulazwa, aliketi. Mkewe alilazwa huko huko, akarudi ndani ya jeneza. Hakuna aliyekosea, ugonjwa ulikuwa umeshakomaa, lakini moyo hauelezwi mambo hayo ukaelewa.

Nilimfundisha kama ninavyofundisha kila mtu. Nekesa hajafikisha miaka miwili, tumbo lake ni dogo, kwa hiyo kila kijiko kibebe kitu cha maana. Uji wa wimbi upikwe kwa maziwa, utiwe njugu zilizopondwa, siku nyingine yai au mafuta kidogo. Ugali uende na maharagwe yaliyopondwa, au dagaa wa omena, au parachichi. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Mzee aliitikia kila neno.

"Hiyo ni kazi yangu," akaniambia. "Wewe ngoja tu uone."

Nikangoja. Nilipopima tena, utepe haukuwa umesogea. Nikarudi baadaye, mzani ukapanda kidogo sana. Nikarudi tena, umeshuka. Mtoto alikuwa akinywa kikombe kizima, tumbo linajaa kama ngoma, na jua kabla halijapanda analia njaa. Kliniki ilikuwa inakaribia. Hasira yangu huwa haihitaji kuchokozwa sana, na siku hiyo iliamka yenyewe.

"Mzee," nikasema, "maziwa inaenda wapi?"

"Unasema nini, Lenah?"

"Ng'ombe iko, njugu iko, mayai iko. Rakini mtoto haongezi. Si uniambie inaenda wapi. Sokoni?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mzee hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alifuta mikono kwenye suruali yake polepole.

"Ati mimi niuze chakula ya mtoto? Mimi? Si wewe ulikunywa uji yangu mpaka ukakuwa mtu? Kesho kuja asubuhi mapema. Ukae hapo kwa kiti, uangarie na macho yako yote mbili. Halafu uniambie mwizi ni nani."

Kesho yake nilifika umande ungali kwenye nyasi.

"Mulembe, Mzee."

"Mulembe. Keti."

Nami niliketi nikiwa na hakika kwamba nitamshika. Aliteleka sufuria ndogo, akachemsha maziwa, maziwa yenyewe yasiyo na maji. Akavuruga unga wa wimbi kwanza kwa maji baridi usije ukashika madonge, akaumimina, akakoroga kwa utaratibu wa mtu ambaye mkono wake unajua zaidi ya kichwa. Akatia njugu alizozitwanga mwenyewe. Akapiga yai, akalimwaga kama uzi huku akikoroga lisigande. Uji ukawa mzito, unaning'inia mwikoni kabla ya kuanguka, na harufu yake ikanifanya nimeze mate. Mimi ninayefundisha uji ule vijiji vizima sijawahi kuuona umepikwa vizuri namna hiyo. Masikio yakaniwaka moto kwa aibu. Nikafungua mdomo nimwombe msamaha.

Hapo mkono wake ukaenda kwenye jagi.

Lilikuwa jagi la bati lililokaa kando ya mafiga na maji ya moto. Alilichukua bila kuliangalia, akalimimina lote sufuriani, akakoroga kidogo, akaepua. Uji ukalegea mbele ya macho yangu. Ukawa ule ule ninaoujua tangu utotoni, laini, mwepesi, unaoteremka kooni bila kukusumbua.

"Mzee, hiyo maji ni ya nini?"

"Maji gani?"

"Hiyo umeongeza saa hii."

Akalitazama jagi kana kwamba kuna mtu mwingine aliyemshikisha. "Aa, hii? Hii ni ya wanaochelewa."

"Ni nani amechelewa hapa?"

Akacheka. Kisha akageuka kuelekea mkekani, alipokuwa Nekesa peke yake na kijiko mdomoni, na kicheko kikamwishia.

"Unga ya shule ilikuwa kidogo," akasema, akiongea na sufuria zaidi kuliko na mimi. "Na watoto wanakuja tu. Sasa nikiongeza maji nyuma, wa kwanza anakunywa nzito, wa mwisho anakunywa maji. Hiyo si haki. Kwa hivyo naongeza mbere, kabla sijapakua. Wote wanakunywa sawasawa. Hakuna mtoto alikosa, Lenah. Hata mmoja."

"Najua, Mzee."

Nilijua kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nililelewa na shangazi pale Kitale, na kila asubuhi kabla ya shule nilikuwa nawapelekea wateja wake maziwa. Nilifika wenzangu wakifuta midomo. Mzee Mwiko akiniona langoni aligonga sufuria kwa mwiko wake na kupaza sauti, "Bado iko!" Na kweli ulikuwepo, tena wa moto. Sikujiuliza hata siku moja ulitoka wapi. Kumbe ulitoka kwenye jagi. Ulitoka kwenye vikombe vya wote, kila mmoja akipunguziwa nguvu kidogo ili mimi wa mwisho nisisimame pale na kikombe kitupu. Wengine wetu tulikuwa tukisinzia darasani kabla ya saa nne, tukachapwa kwa uvivu, na bado tulimpenda yule mzee kuliko walimu wote. Nimehudhuria semina nyingi za lishe. Hakuna iliyonifundisha namna ya kumwambia mtu kwamba huruma yake, ile ile iliyonilisha mimi, ndiyo inayomkondesha mjukuu wake.

Ni yeye aliyesema. "Kwa hivyo mwizi ni mimi."

"Ni mkono, Mzee. Mazoea yana taabu."

"Na mkono ni ya nani?"

Nilimwomba msamaha kwa neno langu la sokoni, akalipokea kwa kutikisa bega. Uji ule hakuumwaga, maana kwake chakula hakimwagwi. Tuliunywa sisi wawili, kisha akapika mwingine. Jagi akalibeba nje, akalijaza maji na kuliweka chini ya ghala, wanywe kuku.

Usifikiri mambo yalinyooka siku hiyo. Nekesa alikuwa amezoea kunywa na sasa alitakiwa kula. Alitema uji mzito, akaupaka kwenye nywele, akalibamiza bakuli. Mimi ningekuwa nimeshakata tamaa, nasema kweli. Mzee alikaa naye mkekani, kijiko baada ya kijiko, akimwimbia nyimbo za shamba, na mtoto akikataa nusu aliifunika akampa baadaye. Magego yakaota, homa ikaja, kidogo kilichokuwa kimeongezeka kikapotea. Mzee aliniambia kila akiepua sufuria mkono wake bado unakwenda kando ya mafiga kutafuta, unapapasa, haupati kitu.

Siku ya kliniki alivaa koti lake la kanisani. Muuguzi alimweka Nekesa kwenye mzani, akamtoa, akamweka tena. Uzito ulikuwa umepanda. Si sana, lakini ulikuwa umepanda, na habari ya Bungoma haikutajwa tena. Mzee alitoka nje akasimama akiangalia ukuta, nami nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Ivy alipokuja Jumapili moja alimpokea mtoto na karibu amwangushe kwa uzito. "Baba! Ako na mashavu! Ati ulimpa nini?"

"Uji."

"Bana, si hata kitambo alikuwa anakunywa tu uji?"

"Hiyo ilikuwa ya shule," Mzee akasema.

Juzi nilipita kumpima tena. Nekesa alinikimbia kuzunguka ghala, na ilibidi nimfukuze kama kuku wa Krismasi ndipo nimshike mkono. Utepe ulikaa kwenye kijani, tena kijani cha kutosha. Nilimwonyesha Mzee. Aliuangalia, akambeba Nekesa, akaingia naye jikoni.

Nikafungasha vitu vyangu, nikawafuata jikoni kuaga, maana kulikuwa na nyumba nyingine zinazoningoja. Nekesa alikuwa ameshamaliza bakuli lake na kulisukuma mbele. "Kuka, tia!" akaamuru, kwa maana babu kwetu huitwa kuka, naye akamtilia. Kisha nikaona bakuli lingine mezani, kubwa, limefunikwa sahani. Mzee akalifunua. Ulikuwa uji wa maziwa na njugu, na kijiko kilikuwa kimesimama wima katikati bila kushikwa.

"Mzee, mimi nimeshakunywa chai."

"Keti, Lenah," akasema. "Si wewe ndio ulikuwa unachelewa? Hii sijaongeza maji."