Babu Nasor na Mgeni wa Kufukuzwa

Mpaka leo, mwanangu, nikipita pale kwenye nyumba yetu ya zamani Ibra, huku Omani, nacheka peke yangu njiani kama mwehu. Nakumbuka siku ile babu yangu, Babu Nasor, alipoambiwa amfukuze Mmarekani ndani ya sabla yake, chumba chetu cha kupokelea wageni, na ikamshinda.

Mie nilikuwa kijana, hatujakaa sana tangu turudi kutoka Unguja. Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji, lakini Kiingereza cha skuli kilikuwepo. Wakaja Wamarekani kupiga filamu, wakaniajiri mkalimani, na kazi yangu kubwa ikawa kukaa na mwigizaji wao mmoja mzee, Bwana Wolta.

Njiani kutoka Maskati tulisimama Samail kununua tende, ndipo akanihadithia maisha yake. Alianzia jukwaani, kazi yake kufungua mlango na kusema, "Bibi, wageni wamefika." Basi, hayo tu, msimu mzima. Akapanda taratibu, akaigiza wafalme na walevi, mara ukumbi umejaa, mara viti vitupu. Kwenye sinema, lakini, hakuwahi kupewa ila sehemu ndogo ndogo: dereva, polisi, maiti.

"Maiti niliigiza vizuri sana," aliniambia, wala hakucheka.

Filamu hii ya kwetu ndiyo ya kwanza kupewa sehemu ya maana, na uzee ule. Aliigiza daktari mgeni aliyeshindwa kumponya mtoto wa watu. Kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa humo ndani ya sabla, pale baba wa mtoto anapomfukuza. Mwongozaji alikuwa anamtafuta huyo baba, akaziona ndevu za babu yangu, akasema huyu huyu. Babu akafurahi, kaoga, kajifukiza udi, kavaa kanzu mpya.

Kamera ikaanza. Bwana Wolta akaingia, kichwa chini. Babu akasimama, akanyoosha mkono kwa hasira kweli kweli. "Toka nyumbani kwangu!" Halafu akamtazama yule mzee mwenzake mlangoni, uso ukamlegea. "Lakini kaa kwanza unywe kahawa."

Tukacheka, tukarudia. "Toka!" akasema babu. "Hata tende huli?" Tukarudia tena. Safari hii alisahau hasira zote, akamwuliza habari za watoto wake.

Kicheko kikaisha. Jua lilikuwa linaondoka dirishani, na kesho yake watu wote walikuwa wahamie Sur. Mwongozaji akasema kwa sauti, ikishindikana kabla ya Magharibi, kipande hicho anakiacha, filamu itakwenda bila yake. Bwana Wolta alimsikia. Akaenda akakaa kwenye ngazi anasugua magoti. Wallahi roho iliniuma.

Nikamrukia babu. "Babu, kwani huelewi? Haya maigizo tu! Si kweli!"

"Maigizo nyumbani kwa nani?" akaniuliza. "Mlango huu wangu. Mtu kaingia, hajatia kitu mdomoni, nimtoe? Uso wangu nitauweka wapi?"

Bwana Wolta akataka kujua tunagombania nini. Nikamfasiria yote, na langu lile la "maigizo tu" nikalitia humo humo, nikidhani atanishukuru kwa kumtetea. Akanikazia macho.

"Usimwambie mtu tena kwamba ni maigizo tu," akasema. "Mimi umri wangu wote nimeumalizia humo. Leo humu ndani babu yako peke yake ndiye anayefanya kazi. Mwulize anataka nini."

Haya ilinishika, sikujua nitazame wapi. Nikamwuliza babu.

"Nataka ale," akasema.

Basi kamera zikangoja. Ikaletwa halwa, zikaletwa tende, mie nikamimina kahawa. Mwongozaji anatazama jua, anatazama sinia la halwa, karibu alie. Wazee wale wawili hawakuharakishwa na mtu. Bwana Wolta akala kama aliyealikwa, akanywa, akaongezwa, mwisho akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, kama nilivyomfundisha. Babu akajifuta mikono.

"Haki yake nimempa," akasema. "Haya, mleteni nimfukuze."

Lo! Nilidhani namjua babu yangu. Safari hii hata kelele hakupiga. Alimtazama yule mtu aliyekula naye sasa hivi, akamwambia atoke, sauti inamkatika. Bwana Wolta akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, machozi yanamtoka, na nyuma ya pazia nikamsikia bibi yangu analia kwa kwikwi. Mwongozaji alisahau kusema basi. Alipokuja kusema, babu akatoka mbio uani, miguu mitupu: "Mrudisheni! Wali unapoa!"

Kipande kile kikabaki kwenye filamu. Baadaye nikawa namwona Bwana Wolta kwenye televisheni, mara hakimu, mara babu wa bibi harusi, na kila nikimwona nawaambia watu wa nyumbani, huyo kala kwetu.

Sasa wewe umenijia umenuna, ati kwenye hiyo tamthilia yenu ya Nizwa umepewa maneno mawili, na mzee mnayeigiza naye mzito, anawachelewesha. Nisikilize, mwanangu. Maneno yako mawili yaseme kama umepewa kitabu kizima. Kazi yako usiiite "tu". Ukiidharau wewe, nani ataiheshimu? Na mzee wa watu akikwama, usimsukume. Mwulize anataka nini, pengine yeye ndiye anayeiona kazi inavyotakiwa. Adabu ya kwenu usiivue ukadhani sanaa haiitaki. Mie nilitaka kumsaidia mgeni kwa kumkemea babu yangu, nusura niwakoseshe wote wawili.

Nenda, Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya kheri, akujaalie watu wa kukufunza na moyo wa kuwasikiliza, na siku utakayotokea kwenye televisheni, mama yako awe hai, mzima, awaite majirani wote. Amin.