Kasi ya Mzunguko wa Mwisho

Saa nne na dakika kumi asubuhi, katika uwanja wa mchanga nje kidogo ya mji wa Lodwar, mwalimu mmoja alinyunyizia maji mistari ya jivu ili upepo usiipeperushe. Jivu lililolowa lina harufu yake: ukali kidogo wa magadi, na chini yake moshi uliopoa. Hadi leo nikizima makaa kwa maji, mguu wangu hutangulia mbele kabla akili haijakumbuka sababu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimetoka Kakuma na Mwalimu Lokale, aliyetufundisha hesabu na riadha kwa ukali uleule, kuja kukimbia mita elfu moja na mia tano. Kilichoshindaniwa hakikuwa kikombe. Shule moja ya bweni ya Kitale ilikuwa imeahidi kuwachukua wasichana wawili wa kwanza na kuwasomesha bila karo hadi kidato cha nne. Wawili tu. Wa tatu angepigiwa makofi.

Mwalimu alikuwa na msemo wake: "Mbio ni mita mia mbili za mwisho. Kabla ya hapo ni safari." Miezi mitatu alinikimbiza kwenye mchanga wa mto mkavu, akinipima kwa saa yake ya mkononi, hadi akaridhika kwamba hakuna msichana Kakuma angeniweza mwishoni. Nilimwamini upesi, kwa sababu maneno yake yalifanana na niliyoyajua tangu utotoni. Ata, yaani nyanya yangu, ndiye aliyenifundisha kuchunga. Kwetu mchungaji hatangulii. Hukaa nyuma ya mbuzi, mahali anapowaona wote, akitunza nguvu. Mbuzi wenye kiu wakishanusa maji ya kisima hutimka kwa pamoja, na hapo ndipo mchungaji hutoa miguu aliyoiweka akiba, akawapita, akafika kisimani kabla hawajakanyagana. "Akiru," Ata aliniambia mara nyingi, "anayetangulia mbuzi hahesabu mbuzi."

Tulijipanga tisa. Filimbi ilipolia, Esperansi, Mrundi mrefu wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliyekimbia miguu mitupu kama mimi, alishika uongozi, na msichana mmoja wa Lodwar akamganda mgongoni. Nami nikafanya nilichokijua. Nikarudi nyuma kabisa, nikawaweka wote wanane mbele ya macho yangu, nikatulia. Nilijisikia salama. Nakiri kwamba niliwahesabu.

Mzunguko wa pili pengo lilionekana. Watazamaji waliokuwa wamebanana kwenye kivuli cha ukuta wakaanza.

"Wewe wa Kakuma! Unakimbia ama unachunga?"

"Muache, mbuzi yake moja imepotea!"

Wakacheka. Mwalimu Lokale alikuwa kwenye kona, akitazama saa. Kila nilipompita nilisubiri aniite, hakuniita. Baadaye alikiri kwamba naye alikuwa akizingoja mita mia mbili zake. Nilipomwona Esperansi akiingia kona ya mbali nami sijafika hata nusu ya upande ulionyooka, nilijua pengo limekuwa kubwa. Bado nikajiambia kwamba kisima kiko mbele.

Rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti ikagongwa kutangaza mzunguko wa mwisho. Waliokuwa wakiongoza walikuwa mbele yangu kiasi cha hatua sitini. Sikuzingoja tena mita mia mbili za Mwalimu, nilifyatuka palepale. Nikampita mmoja, nikawapita wawili waliokuwa wakikimbia pamoja, kisha mwingine. Mchanga ulinichoma nyayo. Wale waliokuwa wakinicheka walikuwa wamesimama. "Kimbia, mchungaji! Kimbia!" Nikawapita wawili zaidi. Zilipobaki mita mia, mbele walikuwa wawili tu, na yule wa Lodwar alikuwa akiyumba, kichwa kimeanguka nyuma. Nilisikia pumzi zake zikikwaruza. Hatua kumi. Saba. Uzi ukakatikia kifuani mwa Esperansi, yule wa Lodwar akaanguka juu ya mstari, nami nikafika.

Hatua nne nyuma yake.

Mwalimu alikuja mbio, akanionyesha saa kana kwamba ni zawadi. "Mzunguko wa mwisho hakuna aliyekukaribia! Hakuna!" Niliitazama ile namba nisijue niifanyie nini. Esperansi alikuwa amelala chali mchangani. Nilipomsogelea alinishika mkono.

"Dada, ulikuwa wapi? Kengele inalia, miye miguu ishakufa. Ungekuya karibu kidogo tu, ningekuachia."

Nilidhani ananifariji. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba alikuwa akinipa taarifa. Siku hizi, Jumamosi, mimi huenda uwanjani Kakuma kuwapima wakimbiaji kwa simu, kila mita mia mbili, na kuandika daftarini. Mwalimu hakukosea: wakimbiaji wakifika mwishoni bega kwa bega, kasi ndiyo huamua. Lakini wanaofika pale bega kwa bega wameshaigharamia nafasi hiyo katika mzunguko wa tatu, ule usioshangiliwa na mtu. Kasi yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilianzia mahali pabaya. Ata naye hakukosea. Mbuzi husimama njiani. Huvuta tawi, hugeuka kutazama nyuma, na mchungaji huwafikia bila kujua kwamba amengojwa. Binadamu anayekitaka kitu kilekile unachokitaka wewe hasimami.

Wale wawili walikwenda Kitale. Mimi, baba aliuza ngamia anilipie karo, nikaingia shule ya kutwa Lodwar nikikaa kwa shangazi, muhula baada ya muhula, hadi wa tano, ukame ulipowamaliza ngamia waliobaki. Mengine nimejisomea mwenyewe. Karo aliyolipa baba, kwa cheti ambacho sikukipata, jumla yake ilikuwa shilingi elfu kumi na nane na mia nne.