Seva ya Makaburi

Batuli alikuwa fundi wa kompyuta wa Mtendeni, na kama mafundi wengi wazuri alikuwa mbishi. Chama cha kuzikana kilimkabidhi seva yake baada ya mchwa kuyala madaftari ya zamani. Ndani yake mlikuwa na makaburi elfu kumi na moja: jina, tarehe, safu na namba. Makaburi yenyewe hayaandikwi kitu; huwekwa jiwe au mche, na mvua ikishapiga misimu miwili mitatu humtambui mjomba wala jirani. Seva ikifa, marehemu wanapotea mara ya pili.

Mwaka huu hadidiski ya seva ikaanza kugonga. Mzee Mabruki, mwenyekiti wa chama, akaja ofisini kwa Batuli, mtaa wa Chemchem.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia siku hizi kuna diski ya SSD. Haina kinachozunguka ndani, ina kasi, wala haipigi kelele. Tununue hiyo?"

"Hiyo ikifa haiagi," Batuli alisema. "Inazimika ghafla na vyote vilivyomo. Hadidiski huumwa kwanza, ikaguna, ukajua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mzee. Tuchukue hadidiski nyingine."

Hoja nzuri, ila haikuwa yote. Diski ile haikugonga ovyo. Iligonga pale tu lilipotafutwa jina moja: Zuena binti Nasri, umri siku nne. Huyo alikuwa mwanawe Batuli. Alizikwa mama yake akiwa bado kwenye kitanda cha uzazi, na hata angekuwa mzima, kwao wanawake hawafuati jeneza. Aliyelijua kaburi ni mumewe Nasri, naye alimfuata mtoto mwaka uliofuata.

Tangu hapo Batuli hakuwahi kuufungua ukurasa ule asome safu na namba. Akishajua mahali, atakuwa na udhuru gani wa kutokwenda? Basi mwaka huu kila alasiri aliandika jina tu, diski ikagonga mara tatu, akafunga. Alijua fika kwamba ni sehemu mbovu ya diski. Alijua, na nywele zikamsimama, na kesho yake akarudi palepale.

Jumatano moja alikuwa anakunywa chai, hajagusa kitu, skrini imezimwa. Diski ikagonga mara tatu.

Hapo akaogopa kwelikweli. Akaitafuta nakala ya akiba: ilikuwa ya mwaka juzi, na Zuena hakuwemo. Programu ya kunakili ilimruka tu, bila kusema. Akaanza kunakili palepale kwenye kompyuta yake. Lakini diski mgonjwa huanzi kuinakili kwenye kidonda, maana unaweza kuimaliza kabla hujaokoa kitu. Watoto wa wenzake wakatangulia, na wazee, na mapacha wa mtaa wa Cheyo. Siku ya pili, Mzee Mabruki akiwa ameketi kando na tasbihi yake, walikuwa wamehama wote kasoro mmoja.

Batuli akaufungua ukurasa. Jina likatokea. Tarehe ikatokea. Diski ikaguna kwa muda mrefu, ikanyamaza, na skrini ikabaki na mistari miwili ile, bila safu wala namba.

"Ilikuwa hapa siku zote," alisema, na machozi yakamtoka. "Miaka yote hii, mzee. Ningefungua tu."

Batuli akachomoa nyaya, akaitoa diski, akaiweka mezani penye jua la dirishani. Ilikuwa bado na joto.

"Pole, mwanangu," Mzee Mabruki alisema. "Haya, niwaambie wanunue ipi?"

Kabla hajajibu, kukasikika kugonga: moja, mbili, tatu. Mzee akageukia mlango.

"Karibu!" aliita. Akasubiri. "Nani huyo anabisha?"

Batuli alikuwa anaitazama diski, isiyo na waya wala umeme.

"Abee," aliitika, kwa sauti ambayo Mzee hakuwahi kuisikia kwake.

Kisha akajifunga mtandio. "Nunueni ile isiyo na sauti," alisema, akatoka kwenda makaburini, asijue aanzie safu ipi.